Adabu, si Adhabu

Mwaka 1986, Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia katika Decolonising the Mind desturi ya shule za Kenya baada ya mwaka 1952. Mwanafunzi aliyenaswa akisema Kigikuyu alipewa kifungo cha nguo, naye akakikabidhi kwa mwenziwe atakayemsikia akiteleza vivyo hivyo. Jioni, aliyebaki nacho alimtaja aliyempa, hata wakosaji wote wa siku hiyo wakafichuka. Shule za Wales katika karne ya 19 nazo zilikuwa na kipande cha ubao kilichofanya kazi hiyo hiyo.

Ubaya wa desturi hiyo haumo katika kufundisha Kiingereza, kwani lugha ya ziada ni mali. Umo katika kumfanya mtoto jasusi wa mwenziwe na kumfunza kuionea haya lugha ya mamaye.

Hata hivyo, mtetezi wa lugha ya mama naye ana swali la kujibu. Katika darasa la Malindi wameketi Mgiriama, Mpokomo na Mswahili. Wawili wakinong'ona kwa Kigiriama, wa tatu hujiona mgeni. Je, hakudhulumiwa?

Amfafanuliaye mwenziwe hesabu kwa Kigiriama amemsaidia. Aigeuzaye lugha hiyo pazia la kumsengenya aliye kando amekosa, na angalikosa vilevile kwa Kiingereza. Kosa ni kusengenya, wala si lugha. Basi mwalimu asiwafunge vinywa. Awafunze kumgeukia wa tatu na kumfasiria lililosemwa.