Samaki wa Mpangaji

Shahe maana yake ni mto wa mchanga, lakini sifa ya kale ya mahali hapo ni maji matamu. Tambi pana za mchele zinazoliwa kote kusini mwa China zimechukua jina lake, na wapishi wa Guangzhou husimulia kwamba ulaini wake ulitokana na chemchemi za Mlima Baiyun. Leo Shahe ni soko la nguo za jumla. Hufunguliwa kabla ya alfajiri, marobota yakisukumwa kwa mikokoteni, na mchana kazi kubwa imekwisha. Katika vyumba vya kupanga vya mtaa wa namna hii bahari haimo. Anayeitaka, awe mwenyeji au mchuuzi aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam, hana budi kuitengeneza.

Kuitengeneza si kugumu sana. Yatakiwa maji yaliyoondolewa klorini, chumvi maalumu kiasi cha gramu 35 kwa kila lita, joto la nyuzi 25 au 26, pampu ya kuyatembeza maji, na mawe yenye vitundu vingi vya kuwahifadhi bakteria. Kigumu ni kungoja. Uchafu wa samaki huzaa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, sumu nyingine; kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru upesi. Makundi hayo huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, pengine zaidi, na muda wote huo mwenye tangi hulipia umeme wa kuwasha taa juu ya maji matupu.

Watu huliita jambo hili la kiufundi. Kwa hakika ndipo maadili yanapoanzia. Ilikuwa desturi, na haijakoma kabisa, kutia kwanza samaki wanaosifiwa kwa ugumu wao ili uchafu wao uwalishe bakteria. Wakifa, tangi limekomaa. Asiyeweza kungoja humlipisha mwingine gharama ya haraka yake, na huyo mwingine hana ulimi wa kudai.

Kisha laja swali la asili ya samaki mwenyewe. Wachina wamefuga samaki wa dhahabu kwa takriban miaka elfu moja. Kiumbe huyo hana kwao kwingine. Samaki wa matumbawe ni habari tofauti. Wachache, kama yule wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, huzalishwa mikononi mwa binadamu, lakini aina nyingi bado hutolewa baharini. Katika pwani ya Kenya wapiga mbizi wamewavua kwa miongo kadhaa, wakiwa hai, ili wasafirishwe ng'ambo kwa ndege. Hapana haja ya kuwahubiria watu hao kutoka mbali. Kangaja anayeuzwa akiwa hai humpa mvuvi riziki kama yule aendaye chunguni.

Miongoni mwa wanaovuliwa yumo samaki msafishaji, mwembamba, mwenye mstari mweusi ubavuni. Mwambani ana kazi: samaki wakubwa humjia, humfungulia vinywa, naye huwatoa vimelea na kupata chakula chake. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu huletwa mahali asipokuwa na jembe la kupewa, kwa kuwa tangi lenye samaki watatu halina wateja wa kumtosha, na wengi wao hudhoofika kwa njaa. Mwaka 2019 Masanori Kohda na wenzake wa Osaka walieleza kwamba samaki wa aina hii, akitiwa alama kooni na kuwekewa kioo, hujitazama kisha hujisugua mahali penye alama. Wataalamu wanabishana juu ya maana yake. Ubishi wenyewe watosha kumpa mtu wasiwasi kabla ya kununua.

Hoja yenye nguvu zaidi ya kuwatetea wafugaji ni kwamba anayeishi na bahari hujifunza kuipenda. Ndivyo alivyoamini Philip Henry Gosse, ambaye kitabu chake cha mwaka 1854 kiliwatia Waingereza wazimu wa matangi ya bahari. Gosse aliipenda bahari kwa dhati na kwa ibada. Mwanawe Edmund, akiandika mwaka 1907, alisikitika kwamba vidimbwi vya miambani alivyovijua utotoni vilikuwa vimekombwa na wakusanyaji walioongozwa na mapenzi yale yale.

Tofauti kati ya chungu na tangi haimo katika kifo. Anayemla samaki hakumwahidi kitu. Anayemweka nyuma ya kioo ametoa ahadi, na ahadi hiyo hufanywa upya kila asubuhi, kwa kuwa maji huvukizwa ilhali chumvi hubaki. Asipoongeza maji baridi, bahari yake huzidi ukali siku hadi siku. (Wanaoanza huongeza maji ya chumvi, wakidhani wanarudisha kilichotoka.) Je, ahadi ya namna hii yaweza kutolewa na mtu ambaye kibali chake cha kuishi kina tarehe ya mwisho, na ambaye mwenye nyumba aweza kumhamisha mwezi ujao? Kumnyima mpangaji kila pendo linalohitaji kudumu ni ukatili, na upweke wa ugenini si jambo dogo. Lakini samaki anayeweza kuishi miaka kumi hakuulizwa kama yuko tayari kuushiriki upweke huo.

Pengine jibu la haki ni kwamba mpangaji atafute mrithi kabla hajatafuta samaki: jirani anayejua kupima chumvi, au duka litakalokubali kumpokea kiumbe akiwa hai. Siku ya kuhama ikifika bila mrithi, kioo, pampu na taa hupata mnunuzi kwa urahisi, na samaki hutupiwa juu ya bei kama nyongeza.