Motokaa ya Kale na Mnunuzi Kijana

Mtu akipenda kitu cha kale, watu hudhani kuwa amezeeka kabla ya siku zake. Dhana hiyo si kweli. Wako vijana wengi, waliozaliwa simu ya mkononi ikiwa tayari imeenea kila mtaa, ambao husimama njiani na kugeuza shingo inapopita motokaa iliyoundwa kabla ya kuzaliwa baba zao. Macho yao hung'aa, ndimi zao husifu, na wale walio na akiba huanza kuhesabu. Nataka kusema nawe, msomaji kijana, juu ya hesabu hiyo, maana si hesabu ya fedha peke yake. Ndani yake mna swali ambalo shule ya udereva haifundishi: je, ni haki mtu kununua uzuri anaoupenda, ikiwa watu wengine watasaidia kulipa bei yake?

Swali hili sikulitunga mezani. Lililetwa kwangu nyumbani, Kangemi, na kijana niliyepata kumfundisha. Alikuwa na umri wa miaka 22, na leseni ya udereva ilikuwa mpya mfukoni mwake. Kwa miaka mitatu alikuwa ametengeneza simu katika kibanda kilicho karibu na soko, akaweka akiba shilingi kwa shilingi. Siku aliyonijia alikuwa na shilingi 350,000. Katika fedha hizo, 90,000 zilikuwa za mama yake, alizopata katika chama baada ya kungoja zamu yake mwaka mzima. Mama huyo huuza vitunguu na nyanya, na mara tatu kwa juma huondoka alfajiri kwenda Marikiti, akarudi na magunia ambayo nauli yake wakati mwingine humla faida yote. Alitoa fedha zake akitumaini gari la kubeba magunia. Kijana naye alitaka Volkswagen ya mwaka 1972, ile yenye umbo la kobe, mali ya mzee mstaafu wa upande wa Uthiru.

"Mwalimu," aliniambia, "mama anataka Probox. Probox ni gari, lakini si kitu."

Nilicheka, kisha nikaona haya, kwa sababu nilimwelewa kabisa.

Ni vyema tuanze kwa kumtendea haki kijana, maana wakubwa wengi humhukumu kabla ya kumsikiliza. Motokaa aliyoipenda haikuwa takataka yenye bahati. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika katika matope na vumbi, motokaa ndogo ya namna hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizowashangaza watu, na ilishinda mwaka 1954, tena 1957, tena 1962. Injini yake iko nyuma na hupozwa kwa hewa, haina rejeta ya kuchemka katika mlima. Zaidi ya milioni 21 ziliundwa ulimwenguni kabla ya ile ya mwisho kutoka kiwandani huko Meksiko mwaka 2003. Kadhalika Peugeot 504, ambayo wazee wetu waliipanda wakiwa wamebanana kama dagaa kutoka Nairobi kwenda mashambani, iliungwa papa hapa Kenya mpaka mwaka 2004. Huko uwanja wa farasi wa Ngong hufanyika maonyesho ambamo motokaa za zamani hupimwa kwa usafi na matunzo, na waamuzi huinama kutazama mpaka mahali ambapo mpita njia hawezi kuona.

Tena yako mafunzo ambayo motokaa mpya haiyatoi. Fungua kifuniko cha motokaa ya siku hizi utaona kifuniko kingine chini yake. Likiharibika jambo, huulizwa kompyuta. Lakini kobe yule huonyesha matumbo yake bila ya kificho. Waya unakwenda kwenye plagi, mpira unaleta petroli kwenye kabureta, kamba inavuta klachi. Kijana mwenye spana chache na subira anaweza kujifunza humo sababu na matokeo vizuri kuliko katika madaftari mengi niliyosahihisha. Nasema hivi nami ni mwalimu.

Yako na majivuno, nayo hatuwezi kuyaruka. Kijana alikiri kwamba alitaka watu wageuke wamtazame apitapo Waiyaki Way. Wapo wanaodhani kwamba wakishataja majivuno wamemaliza shauri. Mimi sioni hivyo. Anayevaa nguo iliyopigwa pasi hutaka kutazamwa, na hatumhesabu kuwa mwovu. Kutaka kutazamwa ni udhaifu mdogo, na ukimfanya mtu asafishe kilicho chake, una faida pia. Ubaya huanza pale ambapo kutazamwa kunakula fedha iliyokuwa ya kazi nyingine. Hapo sina budi kukueleza yaliyonipata mimi, ingawa hayanipambi.

Nilipotoka chuo cha ualimu, nikiwa na umri wa miaka 24, nilikopa fedha katika chama cha akiba na mikopo nikanunua Datsun 1200 iliyokuwa kuukuu kuliko mimi. Fundi aliyeikagua aliniambia kwamba mipira inayopitisha mafuta ya breki imeoza, ibadilishwe kabla ya jambo lingine lolote. Nilimsikia vizuri. Lakini mfukoni mwangu zilibaki fedha za jambo moja tu, na ile Datsun ilikuwa imebabuka rangi. Nikajiambia kuwa breki zingali zinashika, na kwamba mwezi ujao si mbali. Nikanunua rangi. Ilikuwa rangi ya chungwa, na kwa majuma matatu nilikuwa mtu mwenye furaha kupita walimu wote wa wilaya.

Jumamosi moja jioni nilikuwa nikiteremka kutoka upande wa Uthiru kuja Kangemi. Nilikanyaga breki, mguu ukazama kama aliyekanyaga tope. Nilikanyaga tena, hapakuwa na kitu. Nilishusha gia, nikavuta breki ya mkono, nikaelekeza gari pembeni mwa barabara, likapanda ukingo, likaangusha jiko la mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi, likasimama juu ya makaa yake. Yeye mwenyewe alikuwa ameondoka hatua nne kumpelekea mteja chenji. Hatua nne, msomaji! Mtoto wake alikuwa mgongoni mwake. Sikuumia, wala hakuna aliyeumia. Nililipa jiko na mahindi, naye alipokea fedha pasipo kunitukana. Aliitazama ile rangi ya chungwa, akasema, "Ni gari zuri." Ningependa angenitukana.

Tangu siku hiyo siamini hoja ya wale wasemao, "Ni fedha yangu na maisha yangu." Fedha huenda ikawa yako. Lakini barabara ni ya watu wote, na Kangemi hasa ni mahali ambapo ukingo wa barabara ni soko, ni kituo, ni njia ya watoto wa shule. Anayeendesha motokaa ya kale hukopa usalama wa watu hawa kila siku bila ya kuwaomba, nao hawajui kuwa wanamkopesha. Je, ni haramu basi kuwa na motokaa ya kale? La. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika mashindanoni na dereva mwingine kabla yao. Ilikuwa mitumba. Lakini Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, akaijua kila nati yake. Na ni katika Volvo za aina hiyo hiyo, mwaka 1959, ulikofungwa kwa mara ya kwanza mkanda wa usalama wa ncha tatu uliobuniwa na Nils Bohlin, na kampuni ikaviachia viwanda vingine viutumie ubunifu huo. Kwa hiyo usinielewe kama nasema kwamba ukale ni hatari na upya ni salama. Kitu cha kale hurithi uzembe wa wote waliokimiliki, na mnunuzi wa mwisho ndiye anayelipia.

Nilikwenda na kijana wangu kuitazama ile Volkswagen. Nilichukua sumaku ndogo niliyoifunga kitambaa ili isikwaruze rangi. Penye bati sumaku ilinasa; chini ya milango, na juu ya gurudumu la nyuma, ilianguka. Hapo palikuwa na puti iliyopakwa rangi, na nyuma ya puti palikuwa na kutu. Mzee hakukataa, alisema alinunua ikiwa hivyo. Breki zake zote zilikuwa za zamani, na moja ilivuta upande wa kushoto. Logibuku ilikuwa bado kwa jina la mtu aliyekwisha kufariki, na pasipo kumaliza mambo ya mirathi hapangekuwa na njia halali ya kuihamisha. Nilimwambia kijana kwamba hapo pana wajane na watoto wa mtu, wala asikubali kuambiwa kuwa hayo ni makaratasi tu. Spea, alisema mzee, zinapatikana Kirinyaga Road kwa mwenye kuwajua watu; na nyingine hazipatikani, kwa sababu sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita miaka 8, basi zilizopo za zamani hulana zenyewe kwa zenyewe. Yapo na mengine ya namna hiyo, kama vile injini za zamani zilizoundwa kwa petroli yenye risasi, ambayo iliondolewa vituoni mwanzoni mwa mwaka 2006. Lakini hayo ni maradhi ya mfuko, na mfuko hupona.

Lililonisimamisha lilikuwa kiti cha nyuma. Hakikuwa na mkanda hata mmoja. Nilimwuliza kijana, "Mama ataketi wapi?"

Alinitazama kama aliyeulizwa swali la mtihani ambalo halikuwa katika kitabu. Tangu mwaka 2004, kwa zile kanuni ambazo watu huziita za Michuki, kwa jina la waziri wa wakati huo, matatu haina ruhusa ya kubeba abiria bila ya mikanda. Hata matatu mbovu kupita zote za njia yetu, yenye muziki wa kuziba masikio, kwa mujibu wa sheria inampa mama yule mkanda. Motokaa ya mwanawe mwenyewe, iliyonunuliwa kwa sehemu ya fedha za chama chake, isingempa. Na ungekuwa mkono wa nani uliomweka pale?

Tulirudi kwa miguu, kimya. Karibu na njia panda aliniuliza neno ambalo nimelifikiri sana baadaye: "Sasa, Mwalimu, mtu maskini hana haki ya kupenda kitu kizuri mpaka atajirike?"

Usilidharau swali hilo. Ni kweli kwamba wenye mali hupenda vitu vya kale pasipo kuulizwa na mtu. Huviweka bandani, huvitoa Jumapili, na nyumbani wana gari lingine la kazi. Maskini akipenda, hupenda kwa gari lake la pekee na kwa fedha yake ya pekee. Ukimwambia, "Ngoja," huenda unamwambia, "Kamwe." Sikuweza kumjibu kwamba uzuri ni wa matajiri, kufanya hivyo kungekuwa ni kumwibia kitu kikubwa kuliko motokaa. Nilimjibu kwa lile nililolijua, la rangi na mipira ya breki. Nilimwambia kwamba shilingi yake ya kwanza iende mahali ambapo hapana atakayegeuza shingo kupatazama: kwenye breki, kwenye mikanda, kwenye sakafu iliyoliwa na kutu. Kama baada ya kutoa shilingi hizo zisizoonekana bado anaipenda, basi anaipenda kweli. Na kama shilingi hizo hana, ajue kwamba alichokipenda ni shingo za watu. Nikaongeza kwamba zile 90,000 zilitolewa kwa ajili ya magunia. Hata kama mama atanyamaza, kunyamaza kwake si ruhusa.

Hilo la mwisho lilimchoma. Akasema mama hakumkataza. Nikasema najua.

Alizirudisha. Nilisikia habari hiyo kwa mama mwenyewe, sokoni, siku nyingine, naye hakuonekana mwenye kufurahi sana. Alikuwa bado hana gari la magunia, na nauli ilikuwa imepanda. Ni vigumu kutenda lililo haki na kumfurahisha kila mtu kwa siku moja. Kijana alingoja miezi kadhaa mpaka familia ya yule marehemu ilipomaliza mirathi na jina katika logibuku likabadilika, akainunua ile Volkswagen kwa fedha zake mwenyewe, kwa bei iliyopunguzwa kwa sababu ya kutu. Kwa hiyo hakunitii kabisa, maana mimi moyoni nilitumaini angenunua Probox.

Nilipita kwao Jumapili iliyopita. Motokaa ilikuwa juu ya mawe, magurudumu yote manne yameondolewa, rangi imebabuka vile vile kama siku tulipoiona. Juu ya kiti cha nyuma mlikuwa na mikanda miwili mipya, ingali katika mifuko yake ya plastiki. Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua vitunguu. Aliniamkia, kisha akaniuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka chini ya gari, "Mwalimu, kitu hiki kitabeba vitunguu lini?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Kijana naye hakujibu. Tuliona miguu yake tu. Baada ya kitambo ulitokea mkono mweusi kwa grisi, ukaomba upewe spana namba 13, na mama akainuka akampa.