Itaanikwa Wapi?

Ukiishika mkononi, chupi ya hedhi haina tofauti kubwa na chupi nyingine, ila ni nzito zaidi na katikati imejaa. Yangu ni nyeusi, ya kiuno cha juu, na sehemu iliyojaa inaanzia mbele kabisa hadi kukaribia kiuno kwa nyuma, pale damu inapopenda kutorokea tukilala chali. Tabaka linalogusa ngozi ni pamba laini inayoipitisha damu upesi. Chini yake kuna kitambaa kinene cha taulo, hicho ndicho kinachonyonya. La mwisho ni tabaka jembamba lisilopitisha maji, ukilisugua kwa vidole linachakacha. Hakuna gundi, hakuna mabawa ya kukunja. Unaivaa, unashinda nayo, unaivua, unaifua.

Nililetewa na wifi yangu aliyeiona dukani Nairobi. Wasiwasi wangu ulikuwa ule ule wa kila mwanamke niliyemwonyesha baadaye. Nitashinda nimelowa? Itavuja? Itanuka? Nikaijaribu kwanza siku za mwisho, damu ikiwa ya kupaka tu, nikiwa nyumbani. Kisha nikalala nayo. Kisha nikasafiri nayo kutoka Mbagala mpaka Posta, hapa Dar es Salaam, kwenye daladala la asubuhi ambalo ukikosa kiti unasimama mpaka mwisho wa safari.

Sikulowa. Harufu sikuisikia. Usiku ndipo nilipoipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kuvaa nikiwa mwezini: nililala, nikajigeuza nitakavyo, sikuamka saa tisa kupapasa shuka gizani. Lakini siku ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito, haikunitosha kwa saa zote za kazi, na mpaka leo siku hiyo naongezea pedi. Nalisema hili wazi kwa sababu nimesikia wauzaji wakiahidi kwamba chupi moja inamtosha mwanamke yeyote kutwa nzima. Wanawake hatutokwi na damu sawasawa.

Wataalamu wa afya wanasema kwa kawaida mwanamke hupoteza mililita 30 hadi 40 za damu kwa hedhi nzima, yaani vijiko viwili au vitatu vya mezani, na ikizidi mililita 80 hiyo ni nyingi mno. Miaka yote niliyotumia pedi za kutupa sikujua mimi niko wapi katika hesabu hiyo. Pedi unaibandua, unaisokota ndani ya karatasi, unaitupa, huitazami. Kufua kunakulazimisha utazame. Unaona maji yalivyobadilika, unaona kama kuna mabonge, unajua mwezi huu ni tofauti na uliopita. Mdogo wangu alipoanza kutumia chupi hizi, zilikuwa zinajaa kabla ya mchana, na ndipo alipokubali kwamba kile alichokiita siku zote "hedhi yangu ndivyo ilivyo" kinahitaji daktari. Alikuwa na uvimbe kwenye kizazi na damu yake ilikuwa imepungua sana. Mimi nami, kichefuchefu cha kuigusa damu yangu nilichokuwa nacho mwanzoni kilinipotea mapema, na nimefurahi kwamba kilipotea.

Kuifua kuna utaratibu wake. Maji ya baridi kwanza, kwa sababu maji ya moto huigandisha damu kwenye nyuzi na doa halitoki tena. Unaiweka kwenye beseni, unaiminya, maji yanatoka mekundu. Unamwaga, unarudia, yanakuwa ya waridi. Unarudia mpaka yawe meupe. Ndipo sabuni, na sabuni ya mche inatosha. Jiki hapana, inakula lile tabaka la chini. Maji ya kulainishia nguo hapana, yanaacha utando unaozuia kitambaa kunyonya. Pasi hapana. Halafu unaianika juani hadi ikauke kabisa, mpaka ndani ya lile tabaka nene.

Hapo penye jua ndipo penye mazungumzo yangu leo.

Kwenye nyumba za kupanga za Dar es Salaam, uani kuna kamba moja au mbili za watu wote. Wapangaji, watoto wao, vijana wa mwenye nyumba, fundi aliyekuja kuzibua bomba, wote wanapita hapo. Mwanamke aliyelelewa vizuri hufua chupi zake, huzitandaza kwenye kamba, kisha huzifunika kwa kanga. Mimi nimefundishwa hivyo na nimewafundisha wengine hivyo. Chupi ya kawaida inakauka hata chini ya kanga, kwa kuwa ni nyepesi. Chupi ya hedhi haikauki. Unaianua jioni, juu iko kavu, ukiminya katikati unasikia ubaridi wa maji. Masika ndiyo hatari zaidi, siku mbili zinapita. Ukiivaa ikiwa na unyevu ule, umejiwekea fangasi na muwasho mwenyewe, na mwezi ujao utasema nguo hizi hazifai.

Mama yangu alitumia vipande vya kanga kuukuu. Alipovunja ungo, somo yake alimfundisha kuvikunja, kuvipitisha katikati ya miguu na kuvishikiza mbele na nyuma kwenye ushanga wa kiunoni. Ng'ambo nako walihangaika na hayo hayo: mwaka 1956 mwanamke mweusi wa Marekani, Mary Kenner, alipata hataza ya mkanda wa kiunoni wa kushikilia pedi, na kampuni iliyokuwa imevutiwa nao ilijitoa ilipogundua rangi yake. Mama hakuwa na habari za Kenner wala hakuhitaji kuwa nazo. Ushanga wake ulishika vizuri. Kilichomtesa kilikuwa kukausha. Vipande vilianikwa chini ya godoro, au nyuma ya mtungi, au ndani ya chumba juu ya kamba iliyofungwa kati ya msumari na mguu wa kitanda, na aliambiwa kwamba mwanamume akiviona, hata ndugu yake, itakuwa fedheha ya ukoo mzima. Nilimuuliza kama vilikuwa vinakauka. Akasema, "Mwanangu, tulivaa hivyo hivyo." Alisema pia kwamba aliwashwa karibu kila mwezi mpaka alipoanza kujifungua watoto, na hakumwambia mtu.

Naithamini sana stara. Sitaki kuishi mahali ambapo kila jambo la mwili hutangazwa barabarani, na sioni ubaya wa mwenye duka kuifunga pakiti ya pedi kwenye gazeti kama mteja ametaka. Ila stara imekuwepo ili kumlinda mwanamke. Inapomfanya avae kitambaa kibichi kinachomletea ugonjwa, na akiugua imzuie kusema anaugua wapi, haimlindi tena, inayalinda macho ya wapita njia. Macho yao yanaweza kuzoea. Ngozi ya binti haizoei fangasi.

Kwa hiyo nikaianika. Nilichagua upande wa kamba unaopigwa na jua tangu saa nne, nikaigeuza ndani nje ili tabaka nene lielekee juu, nikaibana kwa vibanio viwili, bila kanga. Jirani yangu wa chumba cha pili aliitazama, akanitazama, akasema, "Shoga, hii nayo ni nguo gani?" Nikamweleza. Akaishika, akaiminya, akauliza kama ina dawa ndani. Tukasimama pale tukizungumza mpaka sufuria yake ya maharage ikaungulia. Alinieleza mambo ya mwili wake ambayo miaka yote tuliyokaa nyumba moja hatukuwahi kuyagusa. Mzee mwenye nyumba alipita na redio yake, akatuamkia, tukamwitikia, akaenda zake. Mume wangu siku moja mvua iliponyesha ghafla aliianua pamoja na suruali zake, akaikunja, akaiweka kitandani. Nilimshukuru kwa sauti, kwa sababu jambo jema likipita bila kutajwa, watoto wa kiume ndani ya nyumba hawalioni.

Bei yake si ya mchezo. Moja ni sawa na pakiti kadhaa za pedi, na moja haitoshi. Unahitaji ya kuvaa, ya kwenye kamba na ya akiba. Mwenye kipato cha kutwa hawezi kuzitoa hizo fedha kwa mkupuo hata kama hesabu ya mwaka inamwambia atapata nafuu. Anayeuza vitumbua hununua pedi kama anavyonunua mafuta ya taa, kidogo kidogo, siku ya shida.

Na kodi? Kenya iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye pedi mwaka 2004. Sisi Tanzania tuliiondoa kwenye bajeti ya 2018/19, lakini mwezi Juni 2019 aliyekuwa Waziri wa Fedha na Mipango, Dkt. Philip Mpango, alilieleza Bunge kwamba bei madukani haikushuka, na msamaha ukafutwa. Niliumia siku ile na bado naona kwamba aliyeadhibiwa ni mnunuzi wakati faida ilibaki kwa muuzaji. Uingereza, iliyofuta kodi ya pedi na tamponi tangu mwanzo wa mwaka 2021, iliendelea kuitoza chupi ya hedhi kama vazi la kawaida mpaka tarehe 1 Januari 2024. Kwetu hata mjadala huo haujafika.

Jambo jingine ni kinachowekwa ndani. Kampuni ya Marekani iitwayo Thinx, mojawapo ya zilizozipa chupi hizi umaarufu duniani, ilikubali kumaliza kwa malipo kesi ya wateja waliodai kwamba nguo zake zilikuwa na kemikali za PFAS, zile zinazotumika kuzuia maji na mafuta kupenya na ambazo huchukua miaka mingi sana kuvunjika. Kampuni haikukubali kwamba ilikosea. Mimi nilichojifunza ni kusoma lebo na kumuuliza muuzaji swali hilo ana kwa ana, na kama hajui kitambaa kimetoka wapi, narudisha nguo mezani. Sehemu ile ya mwili inakaa na kitambaa kutwa nzima.

Kila ifikapo tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi Salama, tunaona picha za mabinti wamepangwa mstari na maboksi ya misaada. Nawashukuru wanaotoa. Uganda, kampuni ya AFRIpads imekuwa ikishona pedi za kufua kwa zaidi ya miaka kumi, na wasichana wengi wamefaidika. Lakini kila ninapoambiwa kikundi fulani kinataka kupeleka chupi au pedi za kufua shuleni, nauliza mambo matatu kabla ya kuchangia. Maji yanatoka? Choo kina mlango unaofungwa kwa ndani, ili binti ajisuuze bila kuchunguliwa? Nguo zitaanikwa wapi? Mara nyingi la kwanza lina jibu, la pili lina ahadi, na la tatu linawashangaza. Binti aliyepewa nguo ya kufua bila maji na bila jua atairudisha kwenye begi ikiwa na damu, na atakaa nyumbani siku zile zile alizokuwa akikaa kabla ya msaada. Afadhali apewe pedi za kutupa, pamoja na takataka zake zote zinazojaza mashimo ya vyoo, kuliko kupewa kitu kizuri asichoweza kukitumia kwa usalama.

Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya bweni mkoani. Likizo iliyopita nilimnunulia zake, za kipimo chake. Nyumbani alizitumia na akazipenda, hasa usiku. Siku ya kufunga begi akaziacha kabatini, akaniomba pesa ya pedi. Nikamuuliza sababu. Akasema kamba za bweni lao ziko kando ya njia ya kwenda bwalo, wavulana wote wanapita hapo mara tatu kwa siku, na yuko msichana aliyetaniwa muhula mzima kwa sababu ya doa kwenye sketi. "Mama, mimi sitaki kuwa wa kwanza," akasema. Sikumlazimisha. Nikampa pesa ya pedi, ikiwa na ya akiba.

Kisha nikampigia matroni. Nyuma ya bweni, upande wa mashariki, kuna uwanja mtupu hadi kwenye uzio, na jua linaupiga asubuhi yote. Kinachohitajika ni nguzo mbili, waya, na makuti ya kukinga upande wa njia. Nimemwambia wazazi kadhaa tuko tayari kuchanga. Alisikiliza vizuri, akasema amekuwa akiliwaza jambo hilo mwenyewe lakini hakujua aanzie wapi, na kwamba atalifikisha kwa mkuu wa shule kabla ya kikao cha wazazi. Kikao ni mwezi ujao. Nitakuwepo, na kama halimo kwenye ajenda nitanyoosha mkono.