Yakobo kwa Labani: Kukaa Kazini au Kuondoka



Fungueni Biblia zenu, Mwanzo sura ya 31, na mtie alama pia katika 1 Samweli sura ya 19, maana tutakwenda huko na huko.

Mpunga ukiisha kuiva katika bonde letu la Kilombero, vijana wa Michenga na vijiji vya jirani huandikwa kazi mpya. Wengine huenda Ifakara kwenye mashine za kukoboa, wengine hupanda hata Kidatu kukata miwa. Wala hazipiti siku nyingi kabla mmoja wao hajafika kwa mwinjilisti jioni, akaketi kimya, kisha akauliza: Nikae au niondoke?

Tumfikirie mmoja, jina lake na la tajiri wake tusiyataje. Ana wiki tatu tu mashineni. Aliahidiwa saa nane kwa siku na mshahara kila mwisho wa mwezi. Amekuta ya kwamba anaingia alfajiri na kutoka usiku. Jumapili haijui tena. Vumbi la pumba limemtia kikohozi, na mkanda wa mashine hauna kizuizi cho chote; mwenzake amekwisha kukamatwa shati, akaponea chupuchupu. Tena sasa aambiwa kwamba mshahara utatoka mchele ukiisha kuuzwa. Nyumbani mama yake amekwisha kukopa unga na sabuni dukani kwa kuutegemea mshahara huo. Nao wazee, alipowaeleza, walimjibu kwa methali: Kazi mbaya si mchezo mwema.

Methali hiyo twaikubali. Lakini tuisikilize vizuri: yapima kazi na mchezo. Haipimi kazi na mauti, wala kazi na dhuluma. Kijana huyu hakuja kuomba ruhusa ya kucheza.

Basi kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya: ugumu na ubaya. Kazi ngumu ni fungu la wanadamu tangu Adamu. Jua, magunia mazito, mgongo kuuma, msimamizi mwenye maneno makali, aibu ya kuwa mgeni asiyejua kazi: hayo yote ni magumu, na mengi yake hupungua mtu akizoea. Anayeacha kazi kwa hayo peke yake katika wiki ya tatu, huenda akaiacha na ya pili, na ya tatu. Lakini ujira unaozuiwa, mkanda usiofunikwa, na siku ya Bwana iliyoondolewa kabisa, hayo si ugumu. Hayo yagusa Amri ya Saba, ya Tano na ya Tatu, kama mlivyojifunza katika Katekisimo. Mazoea hayayaponyi, mazoea huyazidisha.

Sasa mtazameni Yakobo. Alimtumikia Labani miaka 20: miaka 14 kwa ajili ya binti zake na miaka 6 kwa ajili ya wanyama. Mchana joto lilimla, usiku baridi, na usingizi ukamkimbia. Mnyama akiraruliwa na simba, hasara ilikuwa ya mchungaji. Ujira wake ulibadilishwa mara kumi. Mtu huyu hakuwa mvivu, wala hakuna awezaye kumwambia kwamba hakuvumilia. Hata hivyo Mungu hakumwambia avumilie miaka mingine 20. Alimwambia arudi kwao. Mwenye kufundisha kwamba Neno la Mungu lina shauri moja tu kwa mtumishi aliyeonewa, yaani kukaa, hajaisoma sura hii hata mwisho.

Tena angalieni jinsi alivyofanya kabla ya kuondoka. Aliwaita Raheli na Lea kondeni, akawaeleza habari yote, nao wakatoa shauri lao. Kijana wetu naye asiamue peke yake usiku akiwa na hasira. Akae na mama yake, wahesabu pamoja: deni la dukani ni kiasi gani, akiba ya mpunga itafika mwezi gani, shamba la nyumbani laweza kumpa kazi gani. Hesabu hiyo si ukosefu wa imani.

Lakini Yakobo alikosa jambo moja: alitoroka. Labani alipokwenda kukata kondoo manyoya, yeye akaondoka kwa siri, na Labani akamfuata mwendo wa siku saba. Kama Mungu asingalimwonya Labani katika ndoto, sijui habari ingaliishaje. Na katika mizigo mlikuwa na kitu kibaya zaidi ambacho Yakobo mwenyewe hakukijua: Raheli alikuwa ameiba vinyago vya baba yake. Jambo hili latuhusu. Wako wanaoondoka na panga la tajiri, au viatu, au debe la mchele, wakisema, Sikulipwa, basi nimejilipa. Ndugu, deni la tajiri kwako ni haki yako mbele ya Mungu na mbele ya serikali. Ukiisha kuiba debe moja, wewe ndiwe utakayeitwa barazani, na deni lake litasahauliwa.

Katika nchi yetu zilikuwako siku ambazo watu walikuwa na sababu ya kutoroka. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimhesabu mtu aliyeacha kazi ya mkataba kuwa mkosaji wa kushtakiwa. Tangu mwaka 1944 ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, iliyoitwa Silabu, iliwakusanya watu kutoka mbali, wengi wao wa Songea na Njombe, wakapelekwa mkongeni. Ndio walioitwa manamba. Babu zetu walipokimbia usiku, walikimbia kwa sababu mlango wa mchana ulikuwa umefungwa.

Leo mlango wa mchana uko wazi, nasi twapaswa kuujua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa juma, na saa za ziada zilipwe mara moja na nusu. Mfanyakazi apate saa 24 za kupumzika kila juma. Aandikiwe masharti ya kazi yake. Tena anayetaka kuacha kazi katika mwezi wa kwanza atoe taarifa ya siku 7. Baada ya hapo, wa mshahara wa mwezi siku 28, na wa kulipwa kwa siku au kwa juma siku 4. Akikataa kufanya kazi siku hizo za taarifa, tajiri aweza kukata ujira wake. Kwa hiyo kijana wetu mwenye wiki tatu bado ana mlango mwepesi wa siku 7. Akikawia hata mwezi upite, mlango huo huwa mrefu. Na ujira wa siku alizofanya ni wake. Akinyimwa, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Je, aseme na tajiri kwanza? Kwa habari ya mshahara na saa, naam. Aende mchana, pamoja na mwenzake mmoja au wawili, aseme kwa heshima neno lile lile walilopatana siku ya kwanza. Matajiri wengine hawakuambiwa kamwe. Wengine wameambiwa na wasimamizi wao uongo.

Lakini kwa habari ya ule mkanda, tufungue sasa 1 Samweli. Daudi alikuwa mtumishi mwaminifu nyumbani mwa Sauli, akimpigia kinubi. Katika sura ya 18 mfalme alimrushia mkuki, akaukwepa mara mbili. Akaendelea na kazi. Katika sura ya 19 mkuki ukaja tena, ukapiga ukuta, ndipo Daudi akakimbia usiku ule ule. Hakutoa taarifa ya siku saba. Maandiko hayamlaumu hata kidogo. Mwili si wa tajiri, wala si wetu wenyewe wa kuuchezea. Basi kijana aseme waziwazi, leo na si kesho, kwamba mkanda ufunikwe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka tajiri aufunike. Mpaka utakapofunikwa, asisogee karibu nao. Akilazimishwa, na aondoke siku hiyo hiyo, kisha mambo ya taarifa na ujira yatafuata. Mkono ukikatika haurudishwi na Tume yo yote.

Nanyi ndugu zetu mlio na mashine na mashamba, maana wamo kati yenu wanaoketi katika viti vya mbele kanisani: Torati yaamuru ujira wa maskini utolewe kabla jua halijachwa, kwa sababu moyo wake wautegemea. Mtume Yakobo asema ya kwamba ujira uliozuiwa una sauti, na Mungu aisikia. Daktari Luther katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 aliwahesabu watenda kazi wanaozembea kuwa wevi. Aliwahesabu vivyo hivyo wakubwa wanaowanyonya watu kwa heshima zote. Ubao wa kufunika mkanda ni gharama ndogo kuliko sadaka mliyotoa wakati wa sikukuu ya mavuno.

Na sisi wengine? Ni rahisi mno kumwambia mwenye njaa, Vumilia, na ni rahisi vilevile kumwambia, Ondoka. Maneno yote mawili hayatugharimu kitu. Usharika unaomshauri kijana aache mashine, na mama yake aachiwe deni, haujamaliza kazi yake. Wazee wa kanisa waangalie: gunia moja la mpunga kutoka mavuno ya Bwana, au kumwombea mwenye duka asubiri hata mwezi ujao, au mtu mwenye shamba kumpa kijana palizi ya malipo. Hapo ndipo shauri letu litakuwa na uzito.

Walimu na wainjilisti wamsaidie pia kuandika. Barua ya kuacha kazi iwe fupi, isiyo na matusi: jina, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha, siku zilizofanyiwa kazi, na ujira unaodaiwa. Iandikwe nakala mbili. Moja apewe tajiri mbele ya shahidi, na ya pili itiwe sahihi ya kupokelewa, irudi nyumbani na kutunzwa ndani ya Biblia.