Kulima na Kutunza: Somo Kutoka Kitulo

Soma kwa Ajili ya Somo Hili: Mwanzo 2:15, Mwanzo 4:9, Ayubu 38:25-27, Mambo ya Walawi 19:9, 10, Kumbukumbu la Torati 5:12, 22:6, 7, Marko 2:23-28, Ufunuo 11:18.

Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, upo uwanda mpana wa nyasi ulio juu kiasi cha meta 2,600 kutoka usawa wa bahari. Miti ni michache huko juu. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya usiku ni kali, na alfajiri nyasi huonekana nyeupe kwa sakitu. Lakini mvua zikianza kunyesha mwezi wa Novemba, ardhi ile iliyoonekana kufa hutoa maua ya kila rangi, na huendelea kuchanua hadi karibu na Aprili. Wenyeji waliupa uwanda huo jina la Bustani ya Mungu.

Mwaka 2005 eneo hilo, lenye ukubwa wa zaidi ya kilometa za mraba 400, lilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Hifadhi nyingi zilitengwa kwa sababu ya tembo, simba na nyumbu. Hii ilitengwa kwanza kwa ajili ya mimea. Zipo aina zipatazo 350 za mimea, na miongoni mwake aina 45 za okidi zinazoota ardhini.

Okidi hizo ndizo zinazoleta swali la somo hili. Chini ya ua, ndani ya udongo, kuna viazi vidogo. Ng'ambo ya mpaka, nchini Zambia, viazi hivyo hutwangwa kuwa unga, huchanganywa na unga wa karanga, pilipili na magadi, kisha hupikwa mpaka vishikamane na kukatwa vipande. Chakula hicho huitwa chikanda. Zamani kilikuwa chakula cha vijijini kaskazini mwa Zambia. Leo kinauzwa mijini pia. Okidi za huko zilipopungua, wafanyabiashara walivuka mpaka kutafuta nyingine, na mamilioni ya viazi yalichimbwa katika nyanda za Tanzania.

Swali lenyewe ni hili: Je, mtu maskini anayechimba ua ili mtoto wake aende shule ametenda dhambi? Na je, anayemkataza bila kumsaidia yeye hana hatia?

Kazi Mbili katika Agizo Moja

Soma Mwanzo 2:15. Adamu alipewa kazi gani katika bustani?

Alipewa kazi mbili, wala si moja. Ya kwanza ni kulima. Neno la Kiebrania lililotumika hapo lina maana pia ya kutumikia. Ya pili ni kutunza, na neno lake ni shamar, yaani kulinda, kushika, kukesha juu ya kitu kilicho cha mwingine. Mwanadamu aliruhusiwa kula na kutumia mazao ya bustani. Hakukabidhiwa hati ya umiliki.

Neno hilo shamar linarudi katika sehemu mbili ambazo kila mwanafunzi wa Shule ya Sabato anazijua. Katika Kumbukumbu la Torati 5:12, Israeli wanaamriwa kuishika siku ya Sabato, na kitenzi ni kile kile. Katika Mwanzo 4:9, Kaini anauliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake, na neno linatokana na mzizi ule ule. Bustani, Sabato na ndugu: vyote vitatu vimewekwa mkononi mwa mwanadamu kwa neno moja.

Hapa ndipo mahali pa kuanzia. Anayeishika Sabato kwa uangalifu mkubwa, kisha akaiacha bustani iharibiwe, amelishika neno nusu. Vivyo hivyo anayelilinda ua lakini hajali njaa ya jirani yake. Kaini naye alikuwa mkulima hodari, lakini alishindwa katika kumlinda ndugu.

Kiota na Kiazi

Soma Kumbukumbu la Torati 22:6, 7. Sheria hii ndogo inaruhusu nini, na inakataza nini?

Msafiri anakuta kiota njiani. Mama amewaatamia makinda au mayai. Sheria inamruhusu kuchukua makinda, lakini mama lazima amwache aende zake. Mungu hakumkataza mwenye njaa asile. Alimkataza asimalize. Akimchukua mama pamoja na makinda, mwakani hakuna kiota, na msafiri atakayekuja nyuma yake hatakuta kitu. Ni jambo la kushangaza kwamba amri kuhusu ndege mmoja inaambatana na ahadi ya heri na siku nyingi, ahadi inayofanana na ile ya kuwaheshimu baba na mama.

Sasa itazamwe okidi ya Kitulo. Nyingi za okidi hizo huwa na viazi viwili. Kimoja ni cha zamani, kilichokwisha kulisha ua la mwaka huu, nacho kimenywea. Cha pili ni kipya na kigumu, akiba ya ua la mwaka ujao. Mchimbaji hutafuta kile kigumu, kwa maana ndicho chenye unga. Kwa hiyo anachokiondoa hasa ni mwaka ujao wa mmea huo.

Mtu anaweza kusema kwamba mbegu zitaota. Mbegu za okidi ni ndogo kama vumbi, wala hazina akiba ya chakula ndani yake kama punje ya mahindi au haragwe. Haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu wa aina fulani walio ndani ya udongo ule, wanaozilisha katika siku za mwanzo. Hata zikiota, hupita miaka kabla ya ua la kwanza. Mkulima akivuna viazi mviringo, hubakiza mbegu na kupanda tena. Okidi hizi hazikupandwa na mtu, na anayezichimba hapandi nyingine mahali pake. Katika lugha ya Kumbukumbu la Torati, huku ni kuchukua mama na makinda.

"Lakini Mtu Ana Thamani Kuliko Ua"

Ndivyo ilivyo, na hakuna haja ya kulikwepa jambo hilo. Yesu mwenyewe alipotaja maua ya kondeni na ndege wa angani, alisema wazi kwamba mwanadamu ana thamani kupita hivyo. Tuseme mama mjane anaishi kijiji cha kando ya uwanda. Mavuno ya viazi hayakuwa mazuri, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mnunuzi amefika na fedha taslimu. Ni nani aliyeshiba atakayesimama mbele ya mama huyo na kumhubiria juu ya aina 45 za okidi?

Soma Marko 2:23-28. Wanafunzi walikuwa na njaa, nao wakavunja masuke siku ya Sabato. Yesu aliwatetea kwa kumtaja Daudi, aliyekula mikate ya wonyesho siku ya uhitaji. Fundisho hilo ni la rehema, wala lisipunguzwe. Mtoto anayekufa njaa leo ana haki ya kula leo.

Hata hivyo, kuna tofauti kati ya siku ya njaa na biashara ya kila msimu. Daudi alikula mikate siku ile. Hakufungua duka la mikate ya wonyesho. Viazi vya okidi havikuchimbwa kwa mamilioni ili kuokoa watoto waliokuwa katika hatari ya kufa jioni ile. Vilichimbwa kwa sababu lilikuwapo soko la mbali. Soko hilo halimjui mama mjane, na okidi zikiisha litahamia mlima mwingine, kama lilivyohama kutoka Zambia. Mama atabaki na uwanda mtupu na ada ya mwaka mwingine.

Tena, wako jirani wengine wasioonekana. Vijito vya Kitulo hushuka kwenda bonde la Usangu na kuingia katika mto Ruaha Mkuu, na maji hayo hufika mpaka mabwawa ya Mtera na Kidatu, yanayozalisha umeme. Mkulima wa mpunga huko chini hajawahi kuliona ua la Kitulo, lakini anakunywa maji yanayotunzwa na nyasi zake. Anayemlinda ndugu yake hana budi kumhesabu na ndugu huyo pia.

Deni la Wanaokataza

Soma Mambo ya Walawi 19:9, 10. Mungu aliweka mpaka katika mavuno. Ni nani aliyebeba gharama ya mpaka huo?

Aliyebeba gharama ni mwenye shamba. Aliagizwa aache pembe za shamba na masazo kwa ajili ya maskini na mgeni. Sheria ya Mungu haikuwatwika maskini peke yao mzigo wa utauwa wa taifa zima.

Mpaka wa hifadhi ulipowekwa, watu walio karibu na uwanda ndio waliopoteza kitu: malisho, kuni, njia za zamani. Walio mbali walipata maji, umeme na picha nzuri. Ikiwa Bustani ya Mungu ni ya thamani kwa wote, si haki itunzwe kwa gharama ya walio karibu nayo tu. Kanisa linalohubiri uwakili halina budi kujiuliza kuhusu mfuko wake wa maskini kabla ya kuuliza kuhusu jembe la mama mjane. Mshiriki aliyelipiwa ada na ndugu zake hatakuwa na sababu ya kumsikiliza mnunuzi. Lakini mshiriki aliyekatazwa na kuachwa atajifunza kwamba Mungu wa maua si Mungu wa watoto, na hilo ni fundisho la uongo.

Bustani Isiyo na Mtazamaji

Soma Ayubu 38:25-27. Kwa nini Mungu anyeshe mvua mahali pasipokaa mtu?

Katika msitu wa Livingstone, ulio ndani ya hifadhi hiyo, anaishi kima aitwaye kipunji. Wanasayansi walimgundua mwaka 2003 na kumtangaza rasmi mwaka 2005, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake tangu zamani. Kabla hajaandikwa katika kitabu chochote, Muumbaji alikuwa akimlisha. Ayubu alihitaji kusikia hilo katika mateso yake: dunia ni kubwa kuliko haja za mwanadamu, na Mungu hufurahia vitu ambavyo hakuna mtu anayevinunua wala kuvitazama.

Wako wanaosema kwamba kwa kuwa dunia itateketezwa kwa moto, kutunza nyasi na maua ni kazi bure. Lakini mwili huu nao utabadilishwa siku ya kuja kwake Bwana, na bado Waadventista wanafundisha ujumbe wa afya. Hakuna mwalimu wa Shule ya Sabato anayesema kwamba mtu avute sigara kwa sababu atapewa mwili mpya. Ufunuo 11:18 huonyesha kwamba siku ya hukumu wanaoiharibu nchi wataulizwa habari zake. Wakili hapimwi kwa urefu wa muda aliokabidhiwa mali. Hupimwa kwa uaminifu wake katika muda huo.

Hitimisho

Mama mjane hakuhukumiwa katika somo hili. Ameonyeshwa akiwa amesimama kati ya maagizo mawili yaliyo mazito, kutunza bustani na kumlinda mtoto wake, na mara nyingi ameachwa asimame hapo peke yake. Kosa kubwa zaidi huenda si lake. Ni la wale waliotenganisha kile Mungu alichokiunganisha kwa neno moja, wakachagua ua au mtu, kana kwamba mwenye bustani ni mwingine na Baba wa mtoto ni mwingine.

Novemba itakapofika mvua zitanyesha tena Kitulo. Mahali ambapo kiazi kipya kiliachwa udongoni, ua litatoka. Mahali kilipochimbwa, hakuna kitakachotoka. Na katika vijiji vya kando ya uwanda, mtoto mmoja atakuwa darasani au nyumbani, kwa kadiri ndugu zake walivyoshika neno lile.

Maswali ya Kujadili

1. Ni kitu gani katika eneo lenu kinachovunwa bila kubakizwa mbegu: mkaa, samaki wachanga, mchanga wa mto, miti ya dawa? Ni nani anayenufaika zaidi, na ni nani anayebaki na hasara?

2. Mshiriki akileta zaka na sadaka kutokana na kitu alichochimba mahali palipokatazwa, je, kanisa lipokee? Likikataa, lina wajibu gani kwake juma linalofuata?

3. Je, kuna tofauti gani kati ya Daudi kula mikate ya wonyesho na mtu anayevunja sheria ya hifadhi kila msimu? Mpaka kati ya uhitaji na mazoea uko wapi?

4. Kwa pamoja, chagueni familia moja iliyo katika jaribu la namna hii. Mnaweza kufanya nini kabla ya Sabato ijayo ili iweze kutunza bustani bila kumwacha mtoto?