Faini ya Uongo wa Wengine

Jirani yangu wa hosteli anauza kompyuta yake ya gemu ili amalizie ada. Kariakoo, mpya yenye nguvu hiyohiyo ni karibu mara mbili ya bei anayotaja. Hesabu ingeishia hapo, kama si kadi ya grafiki.

Mpaka Septemba 2022, Ethereum ilipoachana na uchimbaji, kadi nyingi duniani zilikuwa zikichimba sarafu usiku na mchana. Kisha zikamwagwa sokoni, zimefutwa vumbi. Ukiishika mkononi, huwezi kujua kama ilicheza FIFA jioni tu au ilichemka mwaka mzima.

Mwaka 1970 George Akerlof alieleza kinachofuata, kwa mfano wa magari: mnunuzi asiyeweza kutofautisha hulipa bei ya wastani, mwenye gari zuri huona anapunjwa, huondoka, soko hubaki na mikweche. Darasani tunaiita hoja ya uchumi. Kwangu ni ya maadili pia. Nikimkata jirani bei "kwa tahadhari", namtoza faini ya uongo wa watu asiowajua. Naye hawezi kuondoka sokoni. Ada ina tarehe.

Na mpya? Waranti ni ruhusa ya kutomwamini mtu yeyote. Si dhambi, ila inauzwa ghali.

Nimemwomba tuiwashe pamoja, gemu zito, kwa saa mbili, tukiangalia joto la kadi. Ikivumilia, nalipa alichotaja bila kupunguza. Amekubali, ingawa aliniuliza kama na wenye duka huwa nawapa mtihani.