Nyumba ya Marehemu Haijawa Yenu

Matanga yakiisha tu, swali hufuata: "Pasta, sisi watoto tumekubaliana, mnunuzi ana pesa mkononi, korti ya nini?"

Someni Ruthu sura ya 4. Shamba lilikuwa la marehemu Elimeleki, Naomi analiuza, na Boazi alilitaka kweli. Lakini hakumalizana na Naomi jikoni. Alienda langoni, akaketisha wazee 10, akamwita ndugu aliyekuwa karibu kumliko yeye, ajibu mbele ya watu.

Lango letu ni korti. (Majirani Waislamu wana Kadhi.) Sheria ya Urithi ya Kenya hairuhusu nyumba kuuzwa kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa, na kwa kawaida hiyo ni miezi 6 tangu itolewe. Kujiuzia tu ni kosa: faini hadi shilingi 10,000, au jela hadi mwaka 1, ama vyote.

Nimesomea biashara, najua mnunuzi hangoji. Lakini yule dada aliyeolewa Mpeketoni hakuitwa kikaoni, na kimya chake mmekihesabu kuwa ndiyo. Korti itauliza jina lake.

Na mama akiwa hospitali? Hapo ni pagumu, sikatai. Changeni, kopeni, kanisa lisaidie. Msimtibu kwa fungu la dada. Jumatatu nendeni kwa chifu mkachukue barua.